Msiing'oe injini ya Pijo 504 kabla ya kutazama feni

Mhariri,

Mtu akiingiza Peugeot 504 stesheni wagoni gereji ikiwa imechemka, ushauri anaopewa siku hizi ni mmoja: toa injini hiyo, weka ya Toyota. Husemwa kwa wepesi, kama vile ni kubadilisha betri. Kwa pikapu nyingine huenda una maana. Kwa Pijo ya stesheni wagoni ni njia ya kugeuza gari linaloponyeka kuwa chuma chakavu, na sababu yake iko chini ya gari, mahali ambapo mtoa ushauri huwa hajapachungulia.

Gari hili si geni hapa Kenya. 504 ilitokea Ufaransa mwaka 1968, stesheni wagoni ikafuata baadaye, na kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa kiliendelea kuunganisha 504 hadi 2004, miaka 20 na ushei baada ya saluni yake kukoma kutengenezwa Ulaya. Ile ya safu tatu za viti, Familiale, ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa marefu: abiria saba kwa karatasi, zaidi kwa roho ya dereva. Saluni ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na kupe ya V6 ikashinda tena 1978. Mashine iliyohimili hayo ikichemka kwenye foleni, kuna kitu mahususi kimekufa, na mara nyingi kitu hicho ni feni.

Feni ya 504 haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Imekalia klachi ya sumaku. Maji yakiwa bado baridi, feni inajizungukia bila nguvu. Yakifika nyuzi 80 na kitu, swichi ya joto inaruhusu umeme, umeme unapita kwenye kaboni ndogo inayoegemea puli ya pampu, sumaku inashika, feni inaenda sawa na pampu. Kaboni ikilika, waya ukikatika au swichi ikifa, feni inabaki kuelea. Barabara kuu, kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo unaificha kasoro hiyo kabisa. Kwama kwenye foleni ya Kibarani saa kumi na moja jioni, au panda mlima wa Mazeras na mzigo, mshale utaingia nyekundu na fundi atasema gasketi ya kichwa imeungua.

Kuipima ni kazi ya dakika tano. Injini ikiwa imezimwa, chukua waya kutoka chanya ya betri uuguse kwenye mguu wa kaboni. Ukisikia "tak" kavu kutoka kwenye puli, sumaku ni nzima. Kosa liko kwenye swichi, fyuzi au waya. Usiposikia, chomoa kaboni uitazame. Ikiwa imelika hadi springi yake haisukumi tena, au uso wa shaba inaougusa umepakaa oili na vumbi, umepata ugonjwa. Futa uso huo kwa msasa laini, weka kaboni mpya, kisha pima nafasi ya klachi kwa filagauji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya). Kuna skrubu tatu za kurekebisha, na nafasi inayotakiwa ni 0.35 mm, sawa kwa zote tatu. Ikizidi, sumaku haivuti. Ikipungua, klachi inajikwaruza hata wakati wa baridi na kuliwa upesi. Ukiwa njiani bila spea, kaza skrubu hizo tatu mpaka feni ishikamane na puli moja kwa moja. Itavuma na itakula petroli kidogo zaidi, lakini utafika. Wengi hufunga feni ya umeme ya gari lingine mbele ya rejeta. Inafaa, mradi iwe na relei yake na swichi ya joto, isiwe ya kubonyezwa na dereva anayekumbuka mara moja kwa siku.

Baada ya feni ni maji. Kichwa cha injini hii ni alumini na bloku ni chuma, na vyuma viwili hivyo vikikutanishwa na maji ya chumvi vinalana. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au chumvi, na hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta kila asubuhi kwa kopo. Ukifungua kichwa cha gari lililoishi hivyo, utakuta kingo za njia za maji zimetafunwa kama muwa, na gasketi haina pa kukanyaga. Tumia maji yasiyo na chumvi yakichanganywa na kulanti, nusu kwa nusu au hata theluthi, na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Mfumo mzima unachukua lita 8 hivi. Ukimwaga ukajaza lita tano tu, umefunga hewa ndani: washa hita hadi mwisho, acha kifuniko wazi, jaza polepole injini ikizunguka.

Na rudisheni thamostati. Kuitupa ni mazoea mabaya yaliyogeuka kuwa elimu. Bila thamostati injini haipati joto lake, hasa kwenye baridi ya kule Limuru na Nyahururu. Oili inatengeneza tope, petroli inaosha kuta za silinda, na kipimo cha joto kinamdanganya mwenye gari kwamba rejeta iliyoziba ni nzima.

Sasa tuseme gasketi imeungua kweli. Hapa ndipo 504 inapouawa na mikono. Silinda zake si matundu yaliyotobolewa kwenye bloku. Ni slivu nne, yaani mirija ya chuma inayochomolewa, zimezungukwa na maji, na kila moja imekaa chini juu ya sili nyembamba. Kichwa ndicho kinachozibana zisinyanyuke. Fundi wa Toyota akishatoa kichwa huzungusha injini ili pistoni zipande azisafishe. Akifanya hivyo kwenye 504, pistoni inaivuta slivu juu kidogo tu, sili ya chini inaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Atafunga gasketi mpya ya kichwa vizuri kabisa, gari litawaka, na baada ya wiki oili itakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ndipo inapotangazwa kwamba injini za Pijo hazitengenezeki.

Utaratibu ni huu. Subiri injini ipoe usiku kucha, maana alumini ikifunguliwa na joto inapinda. Mwaga maji ya rejeta na ya bloku. Legeza bolti za kichwa kutoka nje kuelekea katikati, robo mzunguko kila moja, kisha zitoe. Fito za valvu zichomeke kwenye kipande cha katoni chenye matundu manane, kila moja mahali pake. Kichwa usikivute juu. Kimegandana na slivu na kitazibeba. Ingiza vyuma viwili kwenye matundu ya bolti, ukitikise kwa pembeni hadi usikie mnato umeachia, ndipo ukinyanyue. Hapo hapo, kabla ya kufuta mikono, banisha slivu kwa bolti mbili au tatu zenye washa pana na vipande vya bomba. Kuanzia sasa injini haizungushwi.

Weka rula ya chuma juu ya kichwa, urefu na mshazari. Filagauji ya 0.05 mm ikipita chini ya rula, kichwa kinapelekwa kukwanguliwa, na kikwanguliwe kidogo iwezekanavyo. Slivu nazo lazima zisimame juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache za mia za milimita, zote nne kwa urefu unaokaribiana. Iliyozama haibani gasketi, na gasketi itaungulia hapo hapo ilipoungulia mara ya kwanza. Dawa yake ni sili ya chini ya unene mwingine. Zinauzwa kwa unene tofauti kwa ajili hiyo. Kabla ya kurudisha kichwa, nyonya maji na oili yote kwenye matundu ya bolti kwa kitambaa kwenye bisibisi. Tone la oili chini ya tundu linafanya bolti ijisikie imekaza wakati bado, au linapasua bloku. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kipimo na kwa namba za kitabu cha injini hiyo hiyo. Washa hadi feni ishike, zima, lala. Kesho yake legeza kila bolti robo mzunguko na uikaze upya, moja moja, kwa mpangilio ule ule. Rudia baada ya kilomita 1,000 hadi 1,500.

Njia ya kujua kama sili za chini zimeachia, bila kufungua chochote: acha gari limesimama usiku mzima mahali palipo sawa, na alfajiri, kabla ya kuliwasha, legeza plagi ya sampu (kizibo cha bakuli la oili chini ya injini) polepole sana. Maji ni mazito kuliko oili, yamelala chini. Kikidondoka kijiko cha maji kwanza kabla ya oili nyeusi, slivu zinavuja. Kisipodondoka, achana nazo.

Slivu hizo hizo ndizo sababu ya kuibakiza injini hii. Ikichakaa, hakuna kupeleka bloku kutobolewa. Unanunua seti ya slivu na pistoni zake, unachomoa za zamani, unasafisha vikalio mpaka chuma king'ae, unaweka sili mpya. Uliza kwanza ni ipi uliyo nayo: ya cc 1796 ina pistoni za 84 mm na ya cc 1971 ina za 88 mm. Hata pale Kirinyaga Road, Nairobi, panapouzwa spea, watu hurudi na seti isiyo yao kwa kusema tu "ya Pijo 504". Kuhusu za dizeli sitasema hapa; hizo zina habari zake.

Valvu hurekebishwa injini ikiwa baridi: inteki (ya kuingiza) 0.10 mm, ekzosi (ya kutoa moshi) 0.25 mm. Raha ya gari hili ni kwamba lina tundu la hendeli kwenye bampa ya mbele, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuizungusha polepole huku anatazama. Ekzosi ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha inteki ya 3 na ekzosi ya 4. Ekzosi ya 3 ikifunguka, inteki ya 4 na ekzosi ya 2. Ya 4, inteki ya 2 na ekzosi ya 1. Ya 2, inteki ya 1 na ekzosi ya 3. Peugeot wanahesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, yaani nyuma, si kwenye rejeta. Kwa valvu haitakuponza, kwa sababu orodha hiyo ukiigeuza inabaki ile ile, na mpangilio wa moto pia ni 1-3-4-2 ukihesabu kutoka upande wowote. Itakuponza ukirudisha distribyuta: silinda ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, ukikosea ni ipi, gari litapiga risasi kwenye kabureta badala ya kuwaka. Mwanya wa pointi za distribyuta ni 0.40 mm, wa plagi 0.6 mm. Plagi zimezama kwenye mashimo marefu. Sili zake zikikauka, mashimo yanajaa oili, na silinda moja inakufa hasa wakati wa mvua. Kabla ya kununua koili, chomoa viunganishi virefu vya plagi uvinuse.

Giaboksi ya gia nne haitaki oili nzito ya difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma). Inatumia oili ya injini, 20W-40, lita moja na kidogo. Ukiitia EP 90, oili hiyo ya difu, utaona asubuhi gia ya pili inakataa kuingia, na baada ya muda shaba za sinkro zinaliwa. Difu ndiyo inayotaka EP, hadi usawa wa tundu la kujazia, basi.

Nimefika kwenye jambo linalofanya injini ya Toyota isikae. Kwenye magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, shafti ya nyuma inaning'inia wazi, na ekseli inashikiliwa na springi za majani au mikono yake. Ekseli ya 504 stesheni wagoni imekaa juu ya springi nne za koili, mbili kila upande, na koili haishiki kitu kisogee mbele au nyuma. Kinachoishika ni bomba nene linalofunika shafti, limefungwa kwenye difu, na mbele limeegemea mwisho wa giaboksi kwa kifundo cha duara. Magurudumu yakisukuma gari, msukumo wote unapita kwenye bomba hilo, unaingia giaboksi, unaishia kwenye mpira wa giaboksi na bodi. Toa giaboksi ya Peugeot, weka nyingine, na ekseli haina tena kinachoizuia. Hapo fundi anaanza kuchomelea mikono ya chuma alichookota, kwenye sakafu ambayo haikuundwa kubeba nguvu hiyo. Gari linaendeka. Ukikanyaga breki kwa nguvu na abiria saba ndani, nyuma inajikunja upande. Pikapu ya 504 haifanani nayo, kwa kuwa ina springi za majani nyuma, ndiyo maana mfano wa "fulani aliweka kwenye pikapu yake ikakubali" hauthibitishi kitu.

Kwa hiyo mlio wa "dung" unapoachia klachi usiuhukumu kuwa difu. Angalia kwanza mpira wa giaboksi, kisha kifundo cha bomba, kisha msalaba wa shafti ulio ndani yake. Ukibadilisha bushi za mikono ya mbele au za fito ya upande wa nyuma, bolti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira unajisokota gari linaposhushwa, na utachanika ndani ya miezi michache. Spea inalaumiwa bure.

Breki: diski mbele, ngoma nyuma, na kuna kidhibiti cha shinikizo kilichounganishwa na ekseli, kinachoongeza breki ya nyuma mzigo unapoongezeka. Kikiganda, mafundi hukiruka kwa kipande cha paipu. Msikiruke. Bila hicho gari tupu linafunga magurudumu ya nyuma kwenye lami yenye maji.

Bodi inaanza kuoza pasipoonekana: sili za bodi (boriti za bati zilizo chini ya milango, si zile za injini), sakafu chini ya zulia, pembe za fremu ya kioo cha mbele, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na pale tairi la akiba linapobebwa chini ya buti, ambapo matope hukaa mwaka mzima. Gonga kwa kipini cha bisibisi; sauti ikizimika, choma kwa ncha. Sili zikatwe upande mmoja kwa wakati, milango ikiwa imefungwa mahali pake, na nafasi kati ya milango na nguzo zipimwe kwa rula na kuandikwa kwa chaki kabla ya kukata. Stesheni wagoni ni ndefu kuliko saluni, ina milimita 2,900 kati ya ekseli. Ukikata sili zote mbili pamoja inalegea katikati, na mlango wa nyuma hautafunga tena kwa kidole. Kata hadi chuma cheupe, chomelea bati la milimita 1 au 1.2. Bati likipachikwa juu ya kutu, kutu inaendelea na kazi chini yake. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, pulizia nta ndani ya sili. Oili chafu ya injini inayopakwa chini na wengi wetu inazuia kutu kweli, lakini inakula mipira ile ile uliyoinunua juzi.

Rangi ni ya mwisho. Gari lililopakwa rangi kabla ya kuchomelewa litapakwa mara mbili, na puti nene inayojaza shimo hupasuka ikifika msimu wa pili wa mvua.

Na kwa aliyekwisha kuweka injini nyingine na anasoma haya: namba ya injini kwenye logbook haifanani tena na iliyo kwenye bloku. Peleka gari likakaguliwe na ubadilishe taarifa hizo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, sasa, ukiwa bado na risiti ya injini mkononi. Injini ya zamani usiiuze kwa kilo. Slivu zake, kichwa chake na hasa puli ya feni yenye sumaku nzima zinatafutwa na mtu mwingine mahali fulani kati ya hapa na Kisumu.

Fundi wa Pijo,
Changamwe, Mombasa